Kuunganisha Namba kwenye Visanduku Bila Kubahatisha

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari. Nimeuzoea mchezo wa kwenye simu wa kuunganisha nukta za rangi moja, na mbao za visanduku saba kwa saba nazimaliza bila taabu. Hivi karibuni nilipewa karatasi ya mafumbo ya Kijapani ya aina hiyo hiyo, ila ya namba na yenye visanduku kumi kwa kumi, nami hukwama kila mara: naunganisha jozi tatu au nne, kisha nagundua kwamba kuna namba imefungiwa ndani. Je, ipo njia ya kufikiri isiyo ya kubahatisha? Je, ni lazima kila kisanduku kijazwe? Na nikitaka kuwatungia wanafunzi wangu mafumbo kama haya, nitajuaje kwamba kila fumbo lina jibu moja tu?

Jibu: Mwalimu, njia ipo, na jinsi ulivyoeleza kukwama kwako kunaonyesha wazi tatizo lilipo. Unasema unaunganisha jozi, yaani unaitazama namba, unamtafuta pacha wake, kisha unachora mstari kati yao. Katika ubao mdogo mtindo huo unafanikiwa kwa sababu nafasi ni chache na makosa hujitokeza mapema. Katika ubao wa kumi kwa kumi kosa la mstari wa kwanza linaweza kujificha hadi mstari wa nane, na ukifika hapo hujui tena ufute upi. Kinachotakiwa ni kubadili swali unalojiuliza. Usianze kwa kuuliza namba hii itamfikiaje pacha wake, bali uliza kisanduku hiki kimebakiwa na milango mingapi. Mlango ni upande wowote ambao mstari unaweza kupita kuingia au kutoka. Kisanduku chenye namba kinahitaji mlango mmoja tu, kwa sababu mstari huanzia au huishia hapo. Kisanduku kitupu ambacho mstari unapita kinahitaji miwili, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Karibu kila hatua ya uhakika katika fumbo hili inatokana na hesabu hiyo.

Kwanza niziweke sawa kanuni, kwa kuwa swali lako la pili linazigusa. Kila jozi ya namba zinazofanana huunganishwa kwa mstari mmoja unaokwenda kisanduku hadi kisanduku, juu, chini, kushoto au kulia, bila kwenda mshazari. Mistari haikatani, kisanduku kimoja hakipitiwi na mistari miwili, na hakuna mstari unaopita juu ya namba isiyo yake. Kampuni ya Nikoli ya Japani, ambayo jarida lake la mafumbo lilianza mwaka 1980 na ambayo ndiyo iliyoeneza fumbo hili nchini humo, inaishia hapo: haimlazimishi mchezaji kujaza ubao wote. Mchezo wa simu wa Flow Free, uliotolewa na Big Duck Games mwaka 2012, unaongeza sharti kwamba pasibaki kisanduku kitupu. Hivyo jibu la swali lako linategemea karatasi uliyonayo. Hata hivyo, mafumbo mazuri ya Kijapani kwa kawaida hujaza ubao mzima bila sharti hilo kuandikwa, nayo sababu yake nitaieleza nikifika kwenye utunzi.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Nikoli. Mmarekani Sam Loyd alichapisha fumbo linalokaribiana nalo katika gazeti la Brooklyn Daily Eagle mwaka 1897, na Mwingereza Henry Ernest Dudeney, katika kitabu chake cha mwaka 1917, aliweka fumbo la madereva wanane ambao kila mmoja alitoka nyumbani kwake kwenda kanisani kwake bila kukata njia ya mwenzake.

Sasa tufanye kazi kwa mkono. Huu hapa ni ubao wa tano kwa tano. Safu wima nimezipa herufi A hadi E kutoka kushoto, na safu mlalo nimezihesabu 1 hadi 5 kutoka juu, ili kisanduku cha juu kushoto kiwe A1 na cha chini kulia kiwe E5.

. . . 1 3
. . . . .
. 2 4 . .
1 4 . 2 .
3 . . . .

Kabla ya kuchora chochote, nakuomba uangalie namba 1 iliyo D1 na nyingine iliyo A4. Mchezaji mwenye haraka huona njia hii: D1, D2, C2, B2, A2, A3, A4. Ni hatua sita, na hakuna njia fupi kuliko hiyo. Lakini itazame namba 2 iliyo B3. Chini yake kuna 4, kulia kwake kuna 4, na sasa juu na kushoto kwake unapita mstari wa 1. Namba hiyo haina mlango hata mmoja, na fumbo limekufa kwa mstari wa kwanza. Hiki ndicho kinachokupata katika ubao mkubwa, ila huko kifo chake huonekana kwa kuchelewa.

Tuanze upya kwa kuhesabu milango. Namba 3 ya E1 iko konani, na jirani yake wa kushoto ni namba 1. Basi mlango wake ni mmoja tu, kwenda chini E2. Namba 3 ya A5 nayo iko konani, na juu yake kuna namba 1. Mlango wake ni B5. Mstari ukishaingia B5 hauwezi kupanda B4 kwa sababu kuna namba 4, kwa hiyo lazima uendelee hadi C5. Sasa namba 4 ya B4 imezingirwa na 2 juu, 1 kushoto, na mstari wa 3 chini. Mlango uliobaki ni C4. Kutoka C4, chini kumeshachukuliwa, kulia kuna namba 2, na juu yupo pacha wake aliye C3. Jozi ya 4 imekamilika, na hatukuiunganisha kwa sababu ilikuwa karibu, tuliiunganisha kwa sababu haikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Turudi kwenye mstari wa 3 uliosimama C5. Juu yake ni C4, ambacho si chake, hivyo unaenda D5. Juu ya D5 kuna namba 2, hivyo unaenda E5, na kutoka konani hapo unapanda E4. Sasa namba 2 ya D4 ina mstari wa 4 kushoto, mstari wa 3 chini, na mstari wa 3 kulia. Mlango wake pekee ni D3. Mstari wa 3 ulio E4 unapanda E3, na kwa kuwa D3 kimeshachukuliwa na 2, unapanda E2 na kukutana na nusu yake ya juu. Jozi ya 3 imekwisha, nayo imefuata ukingo wa kulia na wa chini kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Zimebaki jozi mbili. Namba 1 ya A4 ina majirani watatu, nao wawili ni namba. Mlango wake ni A3. Hilo linaifanya namba 2 ya B3 ibakiwe na mlango wa B2 tu. Kwa upande mwingine, mstari wa 2 ulio D3 hauwezi kwenda kushoto wala kulia, hivyo unapanda D2, kisha unakata kushoto hadi C2, kwa sababu juu yake kuna namba 1 na kulia kuna mstari wa 3. Namba 1 ya D1 imefungwa chini, hivyo inakwenda C1, na kutoka hapo haiwezi kushuka C2, hivyo inakwenda B1. B2 ni cha mstari wa 2, basi 1 inaendelea A1, A2, na kukutana na A3. Mstari wa 2 unafunga kwa kuunganisha C2 na B2. Visanduku vyote 25 vimejaa, na hakuna hata mahali pamoja ambapo tulichagua kati ya mambo mawili.

Angalia jambo moja katika jibu hilo. Namba 2 ya B3 na ile ya D4 zimeachana kwa hatua tatu tu ukihesabu safu, lakini mstari wao umetembea hatua tano. Mstari wa 1 nao umetembea hatua sita, sawasawa na ule uliotuua mwanzoni. Ufupi wa njia haukutuambia lolote la kuaminika. Wahandisi wa vifaa vya elektroniki walikutana na jambo hili hili. Mwaka 1961 C. Y. Lee alichapisha njia ya kutafuta mstari mfupi kati ya nukta mbili kwenye ubao wa visanduku wenye vizuizi, na njia hiyo ikatumika sana kupanga nyaya katika bodi za saketi. Kwa waya mmoja haikosei. Kwa nyaya nyingi zinazopangwa mmoja baada ya mwingine, waya wa kwanza uliopita njia fupi mara nyingi humzibia wa tano, na mpangaji hulazimika kung'oa alichokwisha kuweka.

Katika ubao wa kumi kwa kumi, hesabu ya milango peke yake itakuanzishia kazi lakini mara nyingi haitaimaliza. Utahitaji pia kusoma ukingo. Zungusha jicho kwenye visanduku vya pembeni kwa mpangilio wa saa na uandike namba unazokutana nazo. Katika mfano wetu zinatoka 1, 3, 3, 1: jozi ya 3 imelala ndani ya jozi ya 1, na hilo linakubalika. Kama zingetoka 1, 3, 1, 3, fumbo lisingekuwa na jibu kabisa, kwa sababu mstari unaounganisha nukta mbili za ukingoni hugawa ubao vipande viwili visivyowasiliana. Umuhimu wa jambo hili ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Kila mstari uliokamilika kutoka ukingo hadi ukingo ni ukingo mpya, na namba zilizougusa sasa zinahesabiwa kuwa za pembeni katika kipande kilichobaki. Unaweza hivyo kuula ubao kutoka nje kuelekea ndani: jozi ambayo namba zake mbili zinafuatana ukingoni bila nyingine kati yao, mara nyingi hupita imeukumbatia ukingo huo, na ikishapita unausoma ukingo upya.

Hapo ndipo kona zinapokuwa na thamani. Chukua kona tupu, kama A1 katika mfano wetu, na uchukulie kwamba ubao lazima ujae. Kona ina milango miwili tu, kwa hiyo mstari unaopita humo lazima utumie yote miwili, na B1 na A2 ni vya mstari mmoja. Sasa tuseme pia kwamba mstari hauruhusiwi kujigusa wenyewe, yaani usijaze visanduku vinne vya mraba mdogo wa mbili kwa mbili. B2 basi si chake. Lakini B2 juu na kushoto kwake kumezibwa na mstari huo, kwa hiyo kama ni kitupu nacho kimekuwa kona: mstari wake lazima upite C2 na B3. Ukiendelea hivyo unashuka kwa mshazari, kona moja ikizaa nyingine, hadi ukutane na namba kwenye mshazari huo. Katika mfano wetu mnyororo unakomea C3, penye namba 4. Katika karatasi ya kumi kwa kumi kona moja tupu inaweza kukupa mikunjo mitatu au minne kabla hujajua hata ni namba gani inayopita humo. Chora mikunjo hiyo kwa penseli bila kuipa jina. Majina yatakuja yenyewe. Naipenda mbinu hii kuliko zote, kwa kuwa inatoa uhakika mahali ambapo jicho halioni namba yoyote.

Lakini uitumie pale inapostahili. Sharti la kutojigusa halijaandikwa katika kanuni. Linatokana na hoja hii: kama mstari umepita visanduku viwili vinavyopakana bila kufuatana, basi ungeweza kukatisha moja kwa moja kati yake na kuacha vya katikati vitupu, nalo lingekuwa jibu la pili halali pale ambapo kujaza ubao si lazima. Kwa hiyo katika karatasi yenye ahadi ya jibu moja na isiyodai ubao ujae, mstari haujigusi kamwe. Katika mchezo wa simu unaodai ubao ujae, hoja hiyo haina nguvu, na huna haki ya kuitegemea kama ushahidi.

Kuhusu kubahatisha, nitenganishe mambo mawili ambayo wachezaji wengi huyachanganya. Kuchora mstari kwa matumaini na kuendelea ni kubahatisha. Kuchukua kisanduku chenye milango miwili, kudhani kwamba mstari unapita wa kwanza, na kufuatilia dhana hiyo kwa alama hafifu hadi igonge ukuta, hiyo ni hoja kamili. Wewe unawafundisha wanafunzi wako hoja ya aina hiyo unapothibitisha kwamba kipeuo cha pili cha 2 si namba wiano. Ukuta unaougonga una sura tatu: namba iliyokosa mlango, kisanduku kitupu kilichobakiwa na mlango mmoja huku ubao ukitakiwa kujaa, au eneo lililofungwa lenye namba isiyo na pacha ndani yake. Chagua dhana ambayo matokeo yake yatakuwa marefu, karibu na ukingo au karibu na namba zilizosongamana, wala si katikati ya uwanda mtupu ambako kila kitu kinawezekana.

Usishangae ikiwa mbao nyingine zitakulazimu kufanya hivyo mara nyingi. Mwaka 2010 watafiti wa Japani Kotsuma na Takenaga walithibitisha kwamba fumbo hili, ubao ukikuzwa kadiri mtu apendavyo, ni la kundi la matatizo ambayo jibu lake hukaguliwa haraka lakini hakuna aliyegundua njia ya haraka ya kulipata kwa kila ubao, hata kwa kompyuta. Karatasi yako haiko huko. Mtunzi mwaminifu huacha njia ya kufikiwa kwa hoja.

Sasa utunzi. Anza na jibu, si na namba. Chora kwenye ubao mtupu mistari inayoujaza wote, ukichunga kwamba hakuna mstari unaojigusa kwa namna niliyoieleza, kisha uweke namba kwenye ncha za kila mstari na ufute mistari yenyewe. Kutojigusa ni sharti la lazima, lakini peke yake halikuhakikishii jibu moja. Hii pia ndiyo sababu ya mafumbo mazuri kujaza ubao hata pasipodaiwa: visanduku viwili vitupu vinavyopakana ubavuni mwa mstari ulionyooka humpa mchezaji nafasi ya kuupinda mstari huo kupitia humo, na jibu la pili limezaliwa.

Kuna kipimo kimoja cha haraka ambacho wanafunzi wa hisabati watakifurahia. Paka ubao wako rangi kama wa sataranji, A1 kikiwa cheusi. Mstari hubadilisha rangi kila hatua, kwa hiyo jozi yenye ncha zote mbili nyeusi hutumia kisanduku cheusi kimoja zaidi ya vyeupe. Yenye ncha zote nyeupe hutumia cheupe kimoja zaidi. Na yenye ncha mchanganyiko hutumia sawa kwa sawa. Ubao wa tano kwa tano una vyeusi 13 na vyeupe 12, basi jumla ya tofauti zote lazima iwe moja upande wa weusi. Katika mfano wetu jozi ya 1 ina ncha nyeupe, ya 2 ni mchanganyiko, ya 3 na ya 4 zina ncha nyeusi: kutoa moja, sifuri, kuongeza moja, kuongeza moja, na jumla ni moja. Sasa iondoe jozi ya 4. Jozi tatu zilizobaki zinaunganika kwa urahisi mno, lakini jumla ya rangi imekuwa sifuri, kwa hiyo hakuna mtu atakayeweza kuujaza ubao huo, hata ajaribu mwaka mzima. Wanafunzi wako waache kwanza wahangaike nao kwa penseli, kisha uwaonyeshe rangi. Kwa ubao wenye idadi shufwa ya visanduku kila upande, kama kumi kwa kumi, jumla inatakiwa kuwa sifuri.

Kipimo cha rangi hukuambia tu kwamba ubao hauwezi kujaa. Hakikuambii kwamba jibu ni moja. Kwa hilo hakuna njia ya mkato. Weka karatasi kando hadi uisahau, kisha utegue fumbo mwenyewe kwa hoja tupu, ukiandika sababu ya kila hatua. Mahali utakapojikuta umechora kwa kuwa unakumbuka, na si kwa kuwa umelazimika, hapo pana uwezekano wa jibu la pili. Paongezee jozi, au ukate mstari mrefu uwe miwili, kisha utegue tena kuanzia mwanzo, kwa sababu badiliko la kona moja linaweza kufungua mlango upande wa pili wa ubao. Na ikiwa katika kutegua ulilazimika mahali fulani kutumia sharti la kujaza ubao wote, liandike sharti hilo juu ya karatasi kabla ya kuwagawia wanafunzi.